Ruzuku ya Mitandao Ikikatwa Brussels, Haipandi Ndege Kuja Kwetu

Tangu Aprili 2025, Mahakama ya Wakaguzi ya Ulaya ilipotoa ripoti yake kuhusu uwazi wa fedha ambazo Umoja wa Ulaya huzipa asasi zisizo za kiserikali, kuna furaha ya chinichini miongoni mwa watu wa AZAKI (asasi za kiraia) huku kwetu. Haisemwi jukwaani. Inasemwa wakati wa chai ya saa nne, baada ya mada ya kwanza: kwamba afadhali wamebanwa, kwamba wale wa Brussels wamekula vya kutosha kwa jina la Mwafrika, na kwamba fedha zikitolewa kwenye mitandao yao ya kukutana na kutoa matamko, hatimaye zitakuja moja kwa moja kwa wenye shida. Hasira iliyo nyuma ya maneno hayo naielewa, na sehemu yake ni yangu pia. Lakini hitimisho lake ni kosa. Fedha inayokwenda kwa mitandao ya mashirika ya maendeleo ya Ulaya ni ndogo kuliko tunavyodhani, kazi yake siyo ile tunayoidhania, na ikikatwa haiji kwetu. Inakwenda kwingine, na ikishakwenda habaki mtu pale wa kuuliza imekwenda wapi.

Tuanze na mitandao yenyewe, maana neno hili limetumika hadi limechuja. Karibu kila nchi ya Ulaya ina shirika mwamvuli linalokusanya mashirika yake ya misaada na maendeleo. Uingereza ina Bond tangu 1993, Ufaransa ina Coordination SUD tangu 1994, Ujerumani ina VENRO tangu 1995, na Finland ina Fingo, iliyozaliwa 2018 baada ya Kepa na Kehys kuungana (baadhi ya Watanzania wataikumbuka Kepa, kwa kuwa ilikuwa na ofisi yake hapa nchini). Juu ya hayo upo mwamvuli wa miamvuli, CONCORD, ulioundwa Brussels mwaka 2003, ambao kupitia wanachama wake unawakilisha asasi zaidi ya 2,600. Kabla ya CONCORD ilikuwepo kamati ya uhusiano baina ya asasi za maendeleo na Umoja wa Ulaya. Ilianza katikati ya miaka ya 1970, wakati uleule Tume ya Ulaya ilipofungua kasma yake ya kwanza ya kuchangia miradi ya asasi, mwaka 1976. Kamati hiyo iliishi kwa sehemu kubwa kwa fedha ya Tume, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikavunjika baada ya mvutano na Tume hiyohiyo kuhusu ukaguzi wa hesabu. Kwa hiyo ugomvi wa leo una mzee wake. Anayedhani suala hili limezuka juzi hajui kwamba mwamvuli uliopo ulijengwa juu ya magofu ya mwamvuli uliodondoka kwa sababu ileile.

Kwa nini mtandao huwa dhaifu kiasi hicho? Jibu limo katika sura za ruzuku. Ruzuku ya mradi hulipia kazi yenye mwanzo na mwisho, yenye bangokitita (jedwali la malengo, shughuli na matokeo), viashiria na ripoti. Ndani yake Umoja wa Ulaya huruhusu gharama za jumla za ofisi zisizozidi asilimia 7. Ruzuku ya uendeshaji hulipia taasisi iwepo tu: mratibu, mhasibu, chumba, mkutano mkuu wa wanachama. Shirika linalochimba visima huishi kwa ruzuku za mradi na kubana ile asilimia 7 hadi itoe jasho. Mtandao hauchimbi kisima wala hauchanji mtoto. Kazi yake ni kuwakalisha pamoja watu wasiopendana sana, kusoma nyaraka za bajeti ambazo hakuna mwingine mwenye subira ya kuzisoma, na kumwambia shirika dogo la Slovenia au Ureno kwamba kuna wito wa maombi unaofungwa baada ya wiki 6. Kazi ya namna hiyo haikai vizuri kwenye bangokitita. Ndiyo maana mtandao huitegemea ruzuku ya uendeshaji, na ndiyo maana ruzuku hiyo huwa ya kwanza kuonekana anasa. Ajabu ni kwamba sisi wenyewe jambo hili tunalijua. Tangu MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima, ianzishwe Morogoro mwaka 1993, sijasikia mtu makini akiuliza kwa nini wakulima waliojiunga katika vikundi wanahitaji mratibu na nauli ya kutembeleana.

Sasa turudi kwenye ripoti, kwa sababu ndipo kosa la kwanza lilipoanzia. Kichwa cha habari kilichosambaa kilikuwa kwamba asasi zilipewa euro bilioni 7.4 kati ya 2021 na 2023 na hakuna anayejua zilikokwenda. Fedha hizo zilihusu sera za ndani za Umoja wa Ulaya: mshikamano wa mikoa, utafiti, uhamiaji, mazingira. Misaada ya maendeleo ya nje haikuwa sehemu ya ukaguzi ule. Kati ya kiasi hicho, euro bilioni 4.8 zilitolewa na Tume na bilioni 2.6 na nchi wanachama. Walichokilalamikia wakaguzi ni kwamba taarifa zimetawanyika, hazikamiliki, na hata maana ya "asasi isiyo ya kiserikali" haieleweki vizuri, kiasi kwamba taasisi moja kubwa ya utafiti iliwekwa kwenye kundi hilo ilhali bodi yake yote ni wawakilishi wa serikali. Hilo ni kosa la daftari la Tume, na ni kosa kubwa. Lakini kulichukua daftari bovu la sera za ndani na kulifanya ushahidi kwamba mitandao ya misaada imeiba fedha ya Mwafrika ni sawa na kumkamata jirani kwa deni la mtaa mwingine.

Siasa ilikuwa imeshatangulia. Kundi la EPP, la vyama vya kulia-kati na kubwa kuliko yote katika Bunge la Ulaya, lilikuwa limeanza kuhoji mikataba ya asasi za mazingira chini ya LIFE, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili mazingira, likidai Tume ilikuwa inazilipa zikashawishi wabunge. Siku chache kabla ya ripoti ya wakaguzi, Tume ilikiri kwamba baadhi ya mipango kazi ya asasi hizo ilikuwa na shughuli za ushawishi zisizofaa kulipiwa. Juni 2025 viongozi wa Bunge wakaidhinisha kikosi kazi cha kuchunguza fedha za asasi. Kisha Julai 16, 2025, Tume ikatoa pendekezo la bajeti ya 2028 hadi 2034, lenye chombo kimoja cha mambo ya nje kiitwacho Global Europe, chenye thamani ya karibu euro bilioni 200. Wengi waliishia kwenye namba hiyo wakapiga makofi. Katika bajeti inayoisha 2027, chombo kilichopo kina euro bilioni 79.5, na ndani yake upo mpango wa asasi za kiraia wenye fungu lake lililoandikwa kisheria: euro bilioni 1.36. Hizo ni chini ya senti 2 katika kila euro, na sehemu kubwa yake huteremshwa kwa ofisi za Umoja wa Ulaya katika nchi mbalimbali, zikiwemo za kwetu, ambako wito wa maombi hutangazwa. Kinachobaki kwa mitandao ya Ulaya ni kipande cha kipande. Katika pendekezo jipya mfuko ni mkubwa zaidi ya mara mbili, lakini fungu la asasi lenye kiwango chake limeondoka. Mipango ya mada maalumu, kama huo wa asasi, imeyeyushwa ndani ya nguzo pana, na ugawaji umeachiwa hiari ya watendaji.

Hoja za wanaotaka kukata zisibezwe, kwa kuwa mbili kati yake ni nzito. Ya kwanza ni ile ya mlinzi anayelipwa na anayelindwa. Mtandao unaopewa mshahara na Tume, kisha unatoa ripoti ya kuikosoa Tume, uko katika nafasi ambayo hata malaika ingemsumbua. Wenyewe hujibu kwamba ni afya kwa demokrasia serikali kulipia wakosoaji wake, na kwa nchi kama Sweden ya miaka ya 1980 hilo lilikuwa kweli. Lakini mkono mtupu haulambwi, na mkono uliojaa hulambwa mpaka ulimi ukasahau kuuma. Nimesoma matamko ya mitandao yaliyong'arishwa hadi hayana pembe hata moja ya kumchoma mtu, na sidhani ni bahati mbaya.

Hoja ya pili inatuhusu zaidi. Mitandao ya Ulaya imezoea kusema kwa niaba yetu. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio kuhusu bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga, na Kampala ikafoka, na Dodoma ikakasirika kwa sauti ya chini kidogo. Wengine tuliona kwamba baadhi ya yaliyosemwa kuhusu fidia za ardhi yalikuwa ya kweli, na wakulima waliokuwa wakisubiri malipo walikuwa wakiyasema miaka mingi bila kusikilizwa. Ila ukweli ule ulifika Kampala ukiwa umevaa suti ya Brussels, na serikali ikapata urahisi wa kuijibu suti badala ya kumjibu mkulima. Kama mtandao unachukua maneno ya mtu wa Hoima na kuyarudisha kwake kama azimio la kigeni, kuna kitu kimeharibika njiani, na fedha zaidi peke yake haitakitengeneza.

Hoja ambayo haisimami ni ile inayopendwa zaidi kwenye chai ya saa nne: kwamba tukiwaondoa madalali, fedha itakuja moja kwa moja. Hii haihitaji nadharia kuipima. Sweden imekwishaijaribu, na Tanzania ilikuwa ndani ya jaribio hilo. Machi 2024 Sida, shirika la serikali ya Sweden la misaada, ilitangaza kusitisha mikataba yake na mashirika 17 ya Kiswidi yaliyokuwa washirika wa kimkakati, mikataba yenye thamani ya takriban kronor bilioni 1.8 kwa mwaka. Maelezo ya serikali yalikuwa matamu masikioni mwetu: kupunguza wa katikati, kuongeza ushindani, fedha iwafikie walio karibu na kazi. Wapo waliosema Ulaya imeanza kutuelewa. Kisha Desemba 2025, chini ya miaka miwili baadaye, serikali hiyohiyo ikatangaza kwamba inaondoa misaada ya maendeleo kwa Tanzania, Msumbiji, Zimbabwe, Liberia na Bolivia ili kuongeza msaada kwa Ukraine. Uhusiano ulioanza tangu siku za kituo cha Kibaha, ambacho nchi za Nordic zilikijenga pamoja miaka ya 1960, ukawekewa tarehe ya mwisho kwenye mkutano na waandishi wa habari. Simlaumu Mswidi kwa kuijali Ukraine. Vita iko mlangoni kwake. Ninachouliza ni nani, ndani ya Stockholm, alikuwa na nguvu ya kusimama siku ile na kusema jina la Tanzania kwa sauti. Wale 17 pamoja na mwamvuli wao walikuwa mwaka mzima wakipunguza watumishi na kutafuta pango la bei nafuu.

Uholanzi nayo. Novemba 2024 waziri wa wakati huo, Reinette Klever, alitangaza kwamba ruzuku kwa asasi zitapunguzwa kwa euro bilioni 1 katika kipindi cha 2026 hadi 2030, na kwamba serikali haitaki tena kulipia kazi ya ushawishi na utetezi. Uingereza Februari 2025 ilisema itashusha misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027, ili kuongeza fedha za ulinzi. Tafuta katika matangazo yote haya mahali ambapo fedha iliyookolewa kwa kubana asasi za nyumbani imeandikiwa anwani ya asasi ya Arusha, Kisumu au Bukavu. Dhana ya ndoo moja, kwamba kinachotolewa kwa Mzungu kitamiminwa kwa Mwafrika, haina ushahidi. Ruzuku ya mtandao na msaada kwetu hulelewa na watu walewale katika siasa za Ulaya: wapiga kura wanaojali, wabunge wanaouliza maswali, waandishi wanaopewa takwimu. Wakishapoa hao, vyote viwili hupoa.

Hapo ndipo kazi halisi ya mitandao inapoonekana, na ni kazi ambayo sisi hufaidi bila kuijua. Chukua madeni. Mtandao wa Ulaya wa madeni na maendeleo, Eurodad, ulianza 1990, wakati neno msamaha lilikuwa halitamkwi mbele ya IMF. Kwa miaka kumi ulifanya kazi isiyo na picha nzuri ya gazetini: kuhesabu nani anamdai nani, kulinganisha masharti, kuwapa makanisa na vyama vya wafanyakazi wa Ulaya hoja zenye namba. Uganda ilikuwa na mtandao wake wa madeni tangu 1996, na Tanzania nayo ikapata muungano wa asasi zake. Tanzania ilikamilisha masharti ya HIPC, mpango wa kuzipunguzia madeni nchi maskini, Novemba 2001, na Januari 2002 watoto wakaingia shule ya msingi bila ada chini ya MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi. Julai 2005, kwenye mkutano wa G8 pale Gleneagles, Scotland, nchi 18 zikaahidiwa kufutiwa madeni ya taasisi za kimataifa, zikiwemo Tanzania, Uganda na Rwanda. Hakuna mtu mzima atakayesema Brussels ilifanya hayo peke yake. Lakini waziri wa fedha wa Ulaya hakubadilika kwa kusoma barua kutoka Dar es Salaam. Alibadilika kwa sababu jimboni kwake, kila alipokwenda, alikuta mtu mwenye takwimu zilezile mkononi, na takwimu hizo zilikuwa na mtu aliyelipwa mshahara kuzitayarisha.

Au chukua ripoti ya AidWatch, ambayo CONCORD huichapisha kila mwaka. Serikali za Ulaya huhesabu kama msaada fedha zinazotumika kuwahifadhi wakimbizi ndani ya nchi zao wenyewe, gharama za wanafunzi wa kigeni katika vyuo vyao, na misamaha ya madeni ambayo hayakuwa yakilipika. Waziri anatangaza kwamba msaada umepanda; AidWatch inaziondoa kwenye hesabu zile ambazo hazikuvuka mpaka, na mara nyingi mlima hugeuka kichuguu. Serikali zetu haziwezi kufanya hesabu hiyo hadharani kwa sababu ya adabu za kidiplomasia. Asasi zetu haziwezi kwa sababu hazina uwezo wa kuchambua bajeti za nchi 27 katika lugha zaidi ya 20. Mtandao huo ukifa, msaada utaendelea kupanda kwenye makaratasi hata siku ambayo hakuna hata senti itakayotua Julius Nyerere au Entebbe.

Kuna na kahawa. Sheria ya Umoja wa Ulaya dhidi ya mazao yatokanayo na ukataji misitu inataka kila shehena iwe na alama za mahali shamba lilipo, na ardhi isiwe imefyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Imeahirishwa mara mbili, sasa hadi Desemba 2026. Mkulima wa Karagwe au wa miteremko ya Mlima Elgon mwenye ekari moja hana ofisi Brussels. Makampuni makubwa ya uagizaji yanazo, na yana mawakili. Waliokuwa wakiwakumbusha wabunge kwamba gharama ya kupima shamba isimwangukie huyu wa ekari moja ni pamoja na mitandao ya biashara ya haki. Kama hawakusikilizwa vya kutosha, na mimi naona hawakusikilizwa vya kutosha, basi hiyo ni hoja ya kuuliza nguvu zao ziliishia wapi.

Nirudi nyumbani, kwa sababu athari ya kweli itakuwa huku. Mashirika makubwa ya Ulaya yenye wachangiaji binafsi hayatakufa mtandao ukikatiwa ruzuku. Yana ofisi zao Brussels na waandishi wao wa maandiko. Watakaopotea ni wale wadogo waliokuwa wakijificha chini ya mwamvuli. Ripoti ileile ya wakaguzi ilionyesha kwamba kati ya asasi zaidi ya 12,000 zilizopata fedha kuanzia 2014 hadi 2023, 30 pekee zilichukua zaidi ya asilimia 40. Ukiondoa mitandao, namba hiyo haitashuka. Na hao wadogo ndio, kwa uzoefu wetu, hukubali kuwa waombaji wenza na vikundi vyetu bila kutumeza. Niliwahi kusaidia kikundi kimoja kuandika andiko la kwanza la maisha yake. Aliyetufafanulia tofauti ya mwombaji mkuu na mwombaji mwenza hakuwa mfadhili wala mshauri wa kulipwa. Alikuwa mratibu wa mwamvuli wa nchi ndogo ya Ulaya, aliyejibu barua pepe yetu Jumapili usiku. Andiko lilikataliwa, na la mwaka uliofuata likapita. Kwenye bangokitita la mtandao wake, Jumapili ile haina kiashiria.

Kwa hiyo badala ya kushangilia, tungekuwa na madai yetu, na tuyapeleke wakati bajeti ya 2028 bado inajadiliwa. Fungu la asasi lirudishwe likiwa na kiwango kilichoandikwa ndani ya sheria. Mtandao wowote unaopokea ruzuku kwa ajili ya sera zinazotugusa uwe na wajumbe wa kwetu kwenye bodi, wenye kura, siyo kwenye orodha ya wageni waalikwa. Ruzuku ya uendeshaji iwe na ukomo, labda nusu ya bajeti ya mtandao, nusu nyingine itoke kwenye ada za wanachama na kwingineko, ili ulimi upate tena uwezo wa kuuma. Hilo litaumiza baadhi yao na sioni njia ya kulikwepa. Na sisi tujitazame. Miamvuli yetu, kuanzia TANGO iliyoanzishwa 1988 hadi mitandao ya sekta iliyofuata, inaishi kwa ruzuku kwa namna ileile, mara nyingi kutoka kwa wafadhili walewale, na ada za wanachama wengi hulipwa pale tu uchaguzi wa bodi unapokaribia. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, tunasema, halafu tunachelewesha ada ya mwaka.

Bajeti hiyo ya miaka saba inahitaji kukubaliwa na serikali zote 27, na Bunge la Ulaya liridhie. Mjadala unaendelea katika kamati ambazo mihutasari yake hutolewa hadharani, na mawasilisho ya maandishi kutoka nje ya Ulaya hayajakatazwa.